Shomvi na Karatasi Isiyorudi Nyuma

Hapo zamani, Sultani Hatibu alikuwa na utenzi mrefu wa vita vya babu yake, umeandikwa kwenye karatasi moja iliyovingirishwa kama jamvi. Kila Ijumaa ulisomwa barazani, na msomaji akawa anakunja kila alichokwisha kukisoma. Kuirudisha karatasi nyuma ilikuwa mwiko, kwani babu, walisema, hakurudi nyuma vitani. Shida ni kwamba Sultani husinzia, na akizinduka huuliza, "Ubeti uliopita ulisemaje?" Msomaji asiyekumbuka hutiwa gerezani.

Basi akafungwa Mkadamu, shemeji yake Shomvi. Huyu Shomvi alikuwa malenga fukara, msahaulifu hata akisikia beti zake mwenyewe huuliza nani kazitunga. Mkewe, Mwanatumu, akamwambia, "Nenda kasome wewe, umtoe ndugu yangu. Ukirudi peke yako, usirudi."

"Mke wangu, kichwa hiki nilipewa cha kuvalia kilemba, na kilemba chenyewe sina."

"Nenda hivyo hivyo."

Ijumaa ikawadia. Shomvi akapiga goti. "Bwana wangu, nikijibu, nipe shemeji yangu."

"Na usipojibu, utamfuata."

Akaanza kusoma. Lakini hakukunja kitu. Aliitandaza karatasi sakafuni, akaifuata kwa kutambaa, na wazee wa baraza wakazicheka nyufa za visigino vyake, hata akafika mlangoni. Mara Sultani akaacha kukoroma. "Ewe, ubeti uliopita ulisemaje?"

Shomvi akainuka, akapangusa magoti, akatembea kando ya karatasi hadi kwenye ubeti aliokuwa akiusoma Sultani alipofumba macho.

"Umevunja mwiko."

"Hasha, bwana wangu. Karatasi imelala pale pale. Aliyerudi nyuma ni mimi, nami nimezoea. Hurudi nyuma kila nikimwona mke wangu amekasirika."

Kisha akasoma:

*Kafika kule njiani,*
*Kamkumbuka mwandani,*
*Aliyebaki vitani,*
*Karudi akamtwaa.*

Sultani akauliza polepole, "Nani huyo aliyerudi?"

"Babu yako, bwana wangu."

Sultani akaona haya kwa usingizi wa miaka yote ile, kisha kicheko kikamshinda. "Haya, nawe kamtwae shemeji yako."

Shomvi akashukuru, akaenda hatua chache, akasimama akikuna kichwa.

"Bwana wangu, niwie radhi. Nikifika gerezani, nimwite nani?"