Mama Nakijwa Ahamie Mji Gani?

Haya, kaeni vizuri, na mwenye kutafuna muwa akatafunie nje, maana hadithi ya leo ina kesi ndani yake na sitaki mtu aseme baadaye kwamba hakusikia. Hukumu mtatoa ninyi. Wenzenu niliowasimulia mwaka jana walikaribia kurushiana viatu.

Palikuwa na mjane wa Kipare aliyeitwa Nakijwa, mkulima wa tangawizi juu kabisa milimani, Same. Watoto wake watatu walikuwa wameteremka mlimani na kushika kila mtu mji wake. Si ile miji mikubwa inayommeza mtu mpaka ndugu zake wakatangaze redioni, hapana. Ni miji ya kadiri tu, ambayo ukimkosa mtu sokoni asubuhi utamkuta msibani jioni.

Mkubwa ni Kirita, fundi baiskeli wa Tanga. Kipaji chake kilikuwa kutosahau. Kila siku saa moja asubuhi, kabla hajafungua kibanda, alimpigia mama yake simu. Miaka tisa! Akiwa na homa alipiga, na siku ya harusi yake alipiga huku anafungwa tai.

Wa pili ni Namkunda, dereva wa lori, Moshi. Mwembamba hivi, ungedhani upepo utamchukua, lakini kipaji chake kilikuwa kufika. Barabara ambayo wanaume wamegeuza, yeye atashuka, ataikagua, atatema mate, atarudi kwenye usukani na kupita.

Wa mwisho ni Mbazi, tabibu wa Morogoro. Huyo kipaji chake kilikuwa utulivu. Watu wakipiga mayowe ndipo sauti yake inaposhuka. Ila kupiga simu nyumbani, weee, mwezi mzima ulikatika!

Wote watatu walimtaka mama. Kila Krismasi, makande yakiwa bado ya moto, ugomvi ulianza. Hama, mama. Hamia kwangu. Na yeye aliwajibu neno lile lile: "Siku nikihama nimehama. Sitazungushwa mji huu miezi minne, ule miezi minne, kama mgeni asiye na kwao. Nikitua, nimetua mpaka mnizike."

Sasa sikilizeni kosa alilolifanya, kosa ambalo Mpare pekee ndiye angelifanya. Juu ya nyumba yake palikuwa na ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Jioni mwenye zamu huliziba kwa udongo na migomba ili lijae usiku, asubuhi hulizibua. Zamu ya Nakijwa ilikuwa Alhamisi. Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, hakuna shamba lililohitaji hata tone. Mtu mwingine angeliacha bwawa wazi. Lakini kule kuruka zamu ni aibu ya ukoo mzima, na mumewe marehemu hakuwahi kuruka. Basi Nakijwa akajitanda kanga, akapanda kwenye mvua, akaliziba.

Ijumaa alfajiri kingo zikaachia. Tope lilishuka na mawe na migomba, likaikumba nyumba yake wakati anawasha moto jikoni. Alipopata fahamu alikuwa amelala chali gizani, boriti imeukandamiza mguu wa kulia, na simu inaita mahali fulani chini ya tope. Aliijua. Ilikuwa saa moja. Ilikuwa Kirita. Akalia kama mtoto, maana aliisikia na hawezi kuifikia.

Majirani hawakumtafuta. Ijumaa ni siku ya gulio, wote walijua Nakijwa hushuka na tangawizi yake kabla ya jua. Waliliona tope wakasema afadhali mwenye nyumba hakuwepo. Kirita naye kule Tanga simu haipokelewi. Mtu mwingine angesema ni mtandao, mvua hizi. Yeye akampigia jirani, mzee Kazeni.

"Tope limeifunika nyumba, ila yeye ameenda gulioni," akasema mzee.

"Hajaenda. Hata akiwa gulioni hupokea simu yangu."

"Kijana, mimi ndiye niko huku."

"Mzee wangu, shikamoo tena, na unisamehe. Chukua jembe. Mama yumo humo ndani. Nakuomba, chimba!"

Wakachimba. Saa tatu wakasikia sauti yake. Lakini boriti ilikuwa imebeba ukuta mzima, watu kumi hawakuitikisa.

Namkunda aliambiwa na kaka yake akiwa anapakia mbao. Hakuuliza mara mbili. Mlimani kona ya tatu ilikuwa imemeguka, magari matano yamepanga foleni ya kurudi. Madereva walimwambia, "Dada, utakufa." Akawajibu, "Basi mtanizika, pisheni!" Akapita, tairi moja la nyuma linaning'inia hewani. Saa sita kasoro aliingia kwenye lile shimo kwa tumbo, na jeki mbili za lori.

Nakijwa alimwona bintiye, uso wote tope, akasema, "Nitoe, mwanangu. Nitoe sasa hivi."

"Nakutoa, mama." Akaweka jeki chini ya boriti, akaanza kupampu. Simu yake ikaita. Ilikuwa Mbazi, ameshajulishwa na Kirita, yuko Morogoro, kilomita zaidi ya mia nne kutoka hapo.

"Mguu umebanwa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Nakaribia kuinua."

"Usiinue."

"Una wazimu?"

"Dada, damu iliyokaa kwenye mguu ule imeshakuwa sumu. Ukiinua ghafla inakimbilia moyoni, anakufa mikononi mwako akiwa anakushukuru. Kwanza dripu. Nimeshampigia nesi wa zahanati, anakuja kwa miguu."

Fikirini hapo. Mama anapiga kelele atolewe. Ukuta juu unadondosha vijiwe. Mkono wa Namkunda uko kwenye jeki, pampu tatu tu zimebaki, na mdogo wake asiyepiga simu nyumbani anamwambia ngoja. Walingoja dakika arobaini. Nakijwa alimlaani Mbazi kwa jina, kwa Kipare, kwa matusi ambayo hakujua kama anayajua. Nesi akafika, dripu ikaingia, chupa ya kwanza, ya pili, ndipo Mbazi akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Sasa inua. Polepole."

Akatoka mzima. Mguu ulivunjika vibaya, ila aliubakiza. Daktari wa hospitali aliwaambia bila kupindisha: simu ingechelewa, au jeki, au dripu, mngekuwa mnaongea na kaburi.

Wiki sita baadaye aliruhusiwa kutoka. Na nyumbani hapakuwa nyumbani tena. Mteremko wote ulikuwa na nyufa, serikali ya kijiji ikakataza mtu kujenga pale. Nakijwa alikaa kwenye benchi karibu na geti la hospitali, magongo mapya mapajani, watoto watatu wamesimama mbele yake. Kila mmoja alikuwa ameshamwandalia chumba. Siku ya kuhama ilikuwa imefika, na ni mara moja tu.

Kirita alianza. "Mama, Tanga ni tambarare. Kwa mguu huo utatembea kutoka kwangu mpaka sokoni bila kupanda hata ngazi moja. Machungwa tele, samaki wabichi, na watu wanaosalimia mpaka wakuulize umeota nini."

"Na joto je?" akadakia Namkunda. "Mtu wa mlimani utamchemsha kama kiazi! Mama, njoo Moshi. Mji msafi, hewa unayoijua, Wapare wamejaa mpaka kanisani utasikia lugha yako. Ukitaka kuona kaburi la baba, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo."

"Atakaa na nani?" Mbazi akauliza taratibu. "Wewe unatoka na lori alfajiri, unarudi usiku. Mama, Morogoro milima iko pale pale nyuma ya nyumba, mboga kila kona, na mguu nitautazama mwenyewe kila jioni. Watu wanauita mji kasoro bahari."

"Kasoro bahari!" Kirita akacheka, kicheko kibaya. "Sisi bahari tunayo. Kasoro yenu nyingine ni mkeo, mbele ya mama hafungui kinywa mpaka aulizwe."

"Mke wangu mwache!"

Mambo yakaharibika. Vidole vikanyooshwa. Kirita akamgeukia mama yake, macho mekundu. "Mama, usipokuja kwangu nitajua simu za miaka tisa zilikuwa kelele tu."

Neno hilo lilimchoma Nakijwa kuliko boriti. Alimpenda Kirita. Alimpenda Namkunda na tope lake usoni. Alimpenda Mbazi, ambaye yeye mama alimlaani, na bado aliona haya kumtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliziba bwawa, na sasa aambiwe awapange wanawe foleni, nani alimwokoa zaidi!

Akagonga gongo chini. "Nyamazeni. Miji yenu nimeisikia. Sasa kila mmoja aniambie hivi: ukitoa kwako, niende wapi? Na mnijibu kwa haki, kama mbele ya kaburi la baba yenu."

Vidole vikashuka. Hata mlinzi wa geti akageuka kuwatazama.

Kirita akasema, kwa shida, "Moshi. Mimi niliongea tu, mama. Namkunda alikuja. Siku ukianguka tena, unahitaji mtu wa kufika."

Namkunda akafuta pua kwa mkono wa shati. "Morogoro. Zilibaki pampu tatu. Ningekuua mimi, kwa haraka yangu, na ningedhani nakupenda. Kaa na anayejua kungoja."

Sauti ya Mbazi kwa mara ya kwanza ilitetemeka. "Tanga. Bila Kirita ningejulishwa na nani? Mimi ni mwanao ambaye ungeoza mwezi mzima bila mimi kujua. Kaa na asiyekusahau."

Nakijwa akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Alitegemea swali lile limpe jibu, na sasa kila mji ulikuwa na kura moja, tena kura ya upendo, ambayo ni nzito kuliko ya ugomvi. Akalia, akajifuta kwa kanga, akajiinua kwa magongo. Lori la Namkunda lilikuwa nje, tayari kumpeleka popote. Wote watatu walijua kwamba neno atakalolisema sasa halirudi.

Haya, wahukumu wangu, nyuso hizo msinigeuzie mimi. Jueni tu kwamba mama huyu hagawanywi na hazungushwi. Aende Tanga kwa aliyejua, Moshi kwa aliyefika, au Morogoro kwa aliyezuia? Wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, nitajie pia maneno utakayowaambia wale wawili watakaobaki getini.