Jogoo wa Bibi Nanzighe

"Jogoo wa mgonjwa hauzwi mara moja." Ndivyo Mzee Kiondo alivyowajibu leo kwenye kikao, mliposema kwamba yule dereva kijana aliyepooza mlikwisha kumchangia mwezi uliopita, na sasa ni zamu ya wengine. Niliona mlivyotazamana. Mnataka kujua jogoo gani, na mgonjwa gani. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo mimi nilikuwapo, nimembeba baba yenu mgongoni.

Hapa Ivuga alikuwapo fundi cherehani aitwaye Nakijwa, mke wa Elinihaki. Sare zote za shule za mlima huu zilipita mikononi mwake. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na akianza kazi mlio wake ulisikika hadi barabarani. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na watoto watatu, na hakuwahi kulazwa hata siku moja ila kwa kujifungua.

Jumatatu moja aliamka akasema miguu ina ganzi. Kufikia mchana hakuweza kusimama. Jumanne mikono nayo ikalegea, hata kijiko hakishiki. Jumatano alivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Mganga wa zahanati alimpima, akamwambia Elinihaki bila kuzunguka:

"Ugonjwa huu unapanda. Ukifika kifuani, hapa hatuna la kumfanyia. Mpeleke hospitali kubwa kesho, si kesho kutwa. Dawa yake ipo, lakini ni ghali."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Elinihaki aliuza mbuzi wake wote wawili kabla jua halijapanda. Dereva wa pikapu iliyokuwa ikibeba tangawizi alikubali kumpeleka mgonjwa bure, akateremsha magunia yake yote kando ya barabara. Kilichobaki ni fedha za dawa. Beseni likapitishwa gulioni. Mwaka ule bei ya tangawizi ilikuwa imeanguka vibaya, lakini hakuna aliyeficha mkono. Watu walitoa hata nauli zao za kurudia nyumbani. Zilipohesabiwa, hazikufika robo ya zilizotakiwa. Elinihaki alilitazama lile beseni, akasema, "Asanteni, ndugu zangu," akageuka kwenda kwenye gari.

Hapo ndipo alipofika Bibi Nanzighe. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kule bondeni, na mali yake yote ilikuwa jogoo mmoja mwekundu wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Alimweka juu ya meza ya Mfinanga, dalali wa mitumba.

"Hela sina," alisema. "Nina huyu. Muuze, mwanangu, zitiwe humo."

Mfinanga alikuwa na sauti ya kufukuzia nyani. Alimwinua jogoo juu, akaanza kuita bei, na watu wakasogea. Bei ikapanda, ikapanda tena, mpaka wakabaki wawili, na mwisho akashinda Kalutu, mwenye duka. Kalutu alikuwa mtu wa kupima sukari akitazama mshale wa mizani mara mbili. Jumamosi alikuwa anatarajia wakwe zake, naye alimtaka jogoo kwa ajili ya mchuzi. Akalipa, akamtia kwapani, akaondoka.

Njia yake ilipita kando ya pikapu. Nakijwa alikuwa amelazwa humo juu ya godoro, mama yake amekishika kichwa chake kwa mikono miwili. Kalutu alisimama pale. Kama aliambiwa neno, hatukulisikia. Tulimwona tu akirudi.

"Zimefika?" akamwuliza Mfinanga.

"Bado sana."

"Basi muuze tena."

"Nimuuze nani, Mzee Kalutu?"

"Huyu hapa."

"Umeshamlipia. Unataka nikurudishie hela yako?"

"Nani amedai hela? Hela ikae humohumo. Jogoo ni wangu, nami nimemtoa. Muuze."

Gulio zima likalipuka, vigelegele kwa wanawake, miluzi kwa wanaume. Mfinanga akapanda juu ya meza kabisa. Safari hii walimnunua wachukuzi wa tangawizi, wanane kwa pamoja, na kabla hajafika mikononi mwao wakaita kwa sauti moja, "Muuze." Wauza ndizi wakamnunua, wakamrudisha. Mwanamke mmoja hakuwa na kitu, akavua kitenge chake cha juu akakiweka mezani. Kitenge kikanadiwa nacho. Mchungaji na shehe walipandishiana bei huku wakicheka na kusukumana mabega, mchungaji akashinda, shehe akasema hakubali, auzwe tena. Watu waliokuwa wamekwisha kwenda zao walirudi mbio, wamefungua vibindo. Mimi mwenyewe nilitoa hela niliyokuja nayo kununulia mafuta ya taa, na sijawahi kutoa hela kwa furaha kama ile. Sauti ya Mfinanga ilipokauka, mkewe alipanda mezani akaendelea.

Jogoo yule aliuzwa mara tisa. Aliyemnunua mara ya mwisho, mwalimu mkuu, alimrudisha kwa Bibi Nanzighe, akasema hawezi kumla ndege aliyekwisha kuwa wa watu wote. Beseni likajaa, ikaletwa ndoo. Kabla ya adhuhuri pikapu iliondoka, na kwenye tope la mteremko wa shule tuliisukuma sote, mabega kwa mabega, tunaimba.

Nakijwa alipona. Baada ya miezi miwili alirejea, anapumua vizuri, mikono yake imerudi. Miguu haikurudi. Tulimpokea kwa ngoma, tukala, tukamshukuru Mungu, tukaenda zetu. Kila mtu alijua moyoni mwake kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Elinihaki alimbeba mkewe mgongoni kwenda chooni, kwenda juani, kurudi kitandani, na shamba likaota majani. Binti yao mkubwa aliacha shule akae na mama. Nakijwa alikaa akiitazama cherehani yake ambayo hawezi tena kuikanyaga. Sisi tulipita pale, tukasalimu, tukaendelea na safari. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tumeshatoa.

Alhamisi moja Bibi Nanzighe akaja gulioni, akamweka jogoo yuleyule mezani. Mfinanga akacheka.

"Bibi, huyu si tulishamuuza?"

"Mlimuuza."

"Na mgonjwa si amerudi mzima?"

"Umekwenda kumwona?" Bibi akawageukia wote. "Siku ile mlinunua pumzi yake. Mkampokea, mkacheza ngoma, mkamwacha sakafuni. Mlidhani akitoka hospitali, ugonjwa umebaki huko? Jogoo wa mgonjwa hauzwi mara moja. Haya, anza."

Mfinanga alianza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeona haya. Aliyejibu wa kwanza alikuwa Kalutu, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya mwanzo. Mkisikia kelele za gulio siku za sikukuu, hamjasikia kitu. Jogoo aliuzwa mpaka zikapatikana fedha za kiti cha magurudumu, na za cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Wasiokuwa na hela walikuja na majembe, wakasawazisha njia kutoka mlangoni kwake hadi barabarani. Binti akarudi shule, amevaa sare mpya iliyoshonwa na mama yake. Na sare ya kwanza ya baba yenu, miaka sita baadaye, niliifuata palepale kwa Nakijwa, akaninyima punguzo.

"Kwa hiyo Bibi," ameniuliza Nairuko mwenzenu, "dereva naye tumchangie mpaka lini?"

Kwanza nendeni mkamwone. Mkute analala wapi, nani anambeba, watoto wamekula nini. Mkitoka huko hamtaniuliza mpaka lini, mtaniuliza tuanze na nini. Mwezi uliopita mlifanya vizuri sana, nami nilijivuna. Lakini jogoo wa mgonjwa, wajukuu zangu, hauzwi mara moja.