Mbao za Chumba cha Kulia

Wahenga walituachia neno fupi: mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba anayeficha shida yake kwa kuona haya hujinyima msaada ambao pengine uko hatua mbili tu kutoka mlangoni pake. Anayebisha na aketi asikie habari za Papa Anselme wa Kisangani, alipokuwa prezida, yaani mwenyekiti, wa kamati ya shule ya serikali ya watoto viziwi na vipofu.

Papa Anselme alikuwa mtu wa heshima zake. Alizaliwa katika ukoo wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko, lakini kazi yake ilikuwa kwenye meli za mto, chumba cha mashine, Kisangani hadi Barumbu na kurudi, miaka ishirini na minane. Mashine zile zilimlisha vizuri, kisha zikamdai masikio. Kufikia siku ya kustaafu hakusikia kitu isipokuwa radi, tena ikipiga karibu. Siri hiyo aliijua mkewe peke yake, Mama Marthe. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuropoka.

Mbele za watu alikuwa na mbinu zake. Alitazama nyuso. Wenzake wakicheka, alicheka. Wakisikitika, alitikisa kichwa na kusema, "Ee, mambo ya dunia." Mtu akimuuliza swali, alitabasamu na kujibu, "Bon, iko muzuri." Basi mji mzima ukamsifu: Papa Anselme ana busara, husikiliza wote, habishani na mtu! Na kwa sifa hiyohiyo akachaguliwa kuwa prezida wa kamati. Ajabu ya Musa! Kiziwi alipewa kiti kwa sababu ya kusikiliza.

"Waambie," Mama Marthe alimsihi, akisimama mbele yake na kutamka polepole ili aisome midomo yake. "Shule iko ya viziwi. Nani atakucheka?"

"Watanicheka toka Yanonge mpaka Banalia! Prezida wa viziwi, yeye mwenyewe kiziwi? Hapana, mama. Hapana kabisa."

Mama Marthe akashusha pumzi na kurudi jikoni. Ukaidi wa mumewe aliuzoea.

Sasa hiyo shule ilikuwa na jambo lake. Chumba cha kulia kilikuwa zamani bohari ya mizigo ya meli, na sakafu yake ilikuwa ya mbao zilizolala juu ya nguzo fupi, chini pakiwa patupu. Watoto viziwi waliongea kwa mikono, na vipofu hawakuiona. Vipofu waliongea kwa midomo, na viziwi hawakuwasikia. Wangekula meza moja mwaka mzima bila kujuliana hali, lau si zile mbao. Gertrude, msichana kipofu wa miaka kumi na mitano kutoka Isangi, alikuwa na lokole, ile ngoma ya gogo la mti ambalo tumbo lake limechongwa likawa wazi. Alipoipiga sakafuni, mbao zilitetemeka, na viziwi wakasikia kwa nyayo. Nao walijibu kwa kukanyaga, vipofu wakasikia kwa masikio. Mapigo mawili, chakula. Matatu, njoo unisaidie. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na utani, hata pigo la "mwalimu anakuja" lilikuwepo, ambalo walimu hawakufundishwa.

Kamati haikujua lolote. Wajumbe walikuja Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, wakaketi ofisini kwa mkurugenzi, wakanywa kahawa, wakaenda zao.

Alhamisi moja Urbain, karani wa kamati, kijana wa tai na viatu vya kumeremeta, alisimama na pendekezo. Mbao za chumba cha kulia zimezeeka, alisema, zinalia kama bata, zinatuaibisha. Shule ya kisasa inahitaji saruji. Mkurugenzi, Monsieur Arthur, akamuunga mkono.

Mama Hélène, msimamizi wa wasichana, akaruka. "Zile mbao ni kinywa na masikio ya watoto! Mukizitoa, munawafunga midomo!"

Mwalimu Eugène akasimama upande wake. Mabishano yakapanda hadi jasho likawatoka, kisha wakapiga kura. Wawili kwa wawili. Kwa sheria ya kamati, kura zikilingana prezida ndiye anayekata shauri. Nyuso nne zikamgeukia Papa Anselme.

Yeye, maskini, hakuwa amesikia neno. Aliona tu kwamba anangojewa. Urbain alikuwa anatabasamu, naye akatabasamu. "Bon," akasema, "iko muzuri."

Urbain akaandika. Mama Hélène akachukua mkoba wake na kutoka bila kuaga. Papa Anselme alimwonea huruma, akadhani mama wa watu ameshikwa na tumbo.

Jumatatu iliyofuata alipita shuleni kusalimu, akakutana na kioja. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa mlangoni. Waashi wawili walisimama na mitaimbo mikononi, wasijue la kufanya. Mbao nne zilikwisha kung'olewa, na juu ya zilizobaki walikaa watoto wote arobaini na watatu, wakigoma kuinuka. Katikati yao Gertrude alikumbatia lokole yake.

Alipoambiwa aliyeingia ni nani, Gertrude akasema kwa kilio, "Papa Prezida, tumekukosea nini? Tulifikiri uko baba yetu!"

Papa Anselme akamtazama, akatabasamu vizuri kabisa.

Tabasamu hilo lilionwa na Clothilde, kiziwi, rafiki wa Gertrude wa chanda na pete. Na Clothilde alilijua. Nyumbani kwao, kabla ya kuletwa shuleni, alilivaa yeye mwenyewe kila siku, mbele ya shangazi na wajomba waliofungua na kufumba vinywa. Akainuka, akazunguka nyuma ya mgongo wa mzee, akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Waashi walishtuka. Mzee hakugeuka.

Clothilde akarudi mbele yake. Akagusa sikio lake mwenyewe, kisha akanyoosha kidole kifuani pa prezida.

Papa Anselme akatikisa kichwa upesi. Msichana akacheka, si kwa dhihaka, akamshika mkono wa koti na kumwonyesha viatu: vua. Kwa nini alitii, mwenyewe hakuweza kueleza baadaye. Alivua viatu na soksi, akasimama peku juu ya mbao. Clothilde akakanyaga mara tatu. Gertrude akaiweka lokole sakafuni, akashika fimbo zake.

Pigo la kwanza likamwingia visiginoni. La pili likapanda magotini. La tatu likamfika kifuani, likakaa. Miaka sita hakuwa amesikia ngoma! Mara ya mwisho lokole kumsisimua hivyo, alikuwa mtoto pale kwenye maporomoko, baba yake akiwaita wavuvi wakainue mitego. "Mama yangu!" alipaza sauti. "Tena! Piga tena!" Na machozi yakamtiririka, naye hakuyafuta.

Makelele yakawatoa ofisini wajumbe, ambao mgomo ulikuwa umewakusanya. Mama Hélène alikuwa amenuna bado. Urbain alishika daftari la kamati, akalifungua na kulisogeza mbele ya mzee, kumkumbusha kwamba uamuzi ulikuwa wake mwenyewe. Papa Anselme akasoma: *Mbao zing'olewe, saruji iwekwe. Kura ya kukata shauri: prezida.*

Mimi? Ni mimi niliyewafanyia haya?

Sheria za kamati alizijua kwa moyo, kwa sababu zilikuwa za kusomwa. Ya sita ilisema uamuzi uliopitishwa hauguswi mwaka mzima, isipokuwa aliyepiga kura atangaze mbele ya kamati kwamba hakuielewa hoja. Mlango ulikuwa mmoja tu, na mlangoni pake ilikaa aibu yake. Akifunga mdomo, heshima yake inabaki, watoto wanapoteza lugha. Akifungua, Yanonge watacheka, Banalia watacheka. Alimtazama Gertrude, fimbo zikiwa bado mkononi. Akapiga moyo konde.

"Wapenzi," akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu aliyezoea mashine. "Ile hoja sikuielewa. Sikuisikia. Wala za miezi yote iliyopita. Niko kiziwi. Miaka sita sasa niko kiziwi, na nimewadanganya wote."

Urbain akalifunga daftari. Papa Anselme akainamisha kichwa, akingojea kicheko.

Hakikuja kicheko. Zilikuja mbao. Gertrude, aliyesikia kila neno, alipiga lokole mapigo marefu, na viziwi wote wakayapokea kwa nyayo zao, wakainuka, wakakanyaga, vipofu nao wakafuata, mpaka vikombe vikacheza mezani. Mzee alitetemeka mwili mzima bila kujua wanasema nini. Mwalimu Eugène akachukua kibao na chaki, akamwandikia: *Wanasema, "Huyu ni wetu."*

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, na aliyekianzisha ni Mama Hélène. Alimshika mzee mabega, akatamka polepole, "Na mimi siku nne nimekununia bure!" Wakavunjika mbavu, wote wawili.

Uamuzi ukafutwa palepale. Papa Anselme alitaka kuachia kiti, lakini Monsieur Arthur akachukua kile kibao na kuandika: *Kaa.* Saruji? Gertrude aliiombea kazi: njia ya kisimani, ambako vipofu waliteleza kila mvua iliponyesha. Urbain mwenyewe alivua tai akabeba mifuko, na viatu vyake havikumeremeta tena. Tangu mwezi huo kamati ilikutana katika chumba cha kulia, wajumbe wakiwa peku, na Gertrude na Clothilde walipewa viti vyao. Hoja yoyote ya watoto haikupita kabla wao wawili hawajasema.

Mahali pa zile mbao nne zilizong'olewa paliwekwa mpya, na za zamani watoto walimpelekea Papa Anselme. Alizipigilia chini, toka mbele ya jiko hadi kwenye kiti chake. Sasa Mama Marthe hakimbii tena kumvuta shati. Anakanyaga mara mbili, na mzee anakuja kula.

Jumapili hali chakula peke yake. Baada ya misa watoto humiminika uani kwake, wenye kushikana mikono na wenye kushikana mabega, na Mama Marthe hupika sufuria kubwa ya pondu, yaani kisamvu, na samaki, akilalamika kwa furaha, "Nyumba yangu imegeuka soko!" Viziwi wamempa Papa Anselme jina la mikono: kiganja kifuani, kisha mguu mmoja peku hewani. Vipofu humwita kwa mapigo. Majina yote mawili maana yake ni "baba". Miaka sita alijificha nyumbani kwake bila mtoto hata mmoja wa kumbisha hodi. Siku aliyojifunua, alipata arobaini na watatu. Mficha uchi hazai.