Jemedari na Vyura

Kaeni, wapendwa. Na ninyi mliosimama kule mlangoni, benchi la mbele lina nafasi, halijawahi kumng'ata mtu. Tumo katika Majilio, na jana nilipita ukumbini nikawakuta watoto wetu wakifanya mazoezi ya igizo la Krismasi. Tuseme ukweli, walikuwa wanagombana. Kila mtoto anataka kuwa mfalme, avae taji la karatasi inayong'aa. Mchunga kondoo hakuna anayetaka kuwa. Kondoo ndiyo kabisa, walimu wamebembeleza mpaka wamechoka. Nikarudi nyumbani nikiwaza ugomvi ule, na njiani mfano huu ukanijia. Sikilizeni.

Palikuwa na kaka na dada. Kaka mtu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, huku huku kwetu kwenye baridi. Dada mtu, mdogo wake, alikuwa nesi kule Mtwara, kwenye joto. Mama yao alipofariki walibaki wao wawili tu duniani. Na mnajua simu zinavyokuwa msiba ukishapita. "Hujambo?" "Sijambo." "Mvua vipi huko?" "Ipo." "Haya, tutaongea." Imekatwa. Hawakugombana hata siku moja, wapendwa, ila maneno yalikuwa yamekwisha. Walikuwa wanaanza kuwa wageni, na kila mmoja alikuwa anaumia kimya kimya bila kujua amwambieje mwenzake.

Dada ndiye aliyepata dawa. Dawa yenyewe ilikuwa gemu.

Naona mama pale umeshakunja uso. Umesema moyoni, mchungaji leo amepotea. Vumilia kidogo, tutafika kanisani.

Ilikuwa gemu ya kwenye simu, ile ambayo watu walio mbalimbali wanaingia pamoja katika nchi moja ya kubuniwa, yenye mabonde na mazimwi na milima. Ukiingia unaulizwa: wewe utafanya kazi gani? Mpiga upanga? Mrusha mishale? Mponyaji wa majeruhi? Ukichagua, unaanzia ngazi ya kwanza, huna kitu, una fimbo tu na gunia ulilovaa. Kila ukimpiga adui unapata pointi, pointi zikitosha unapanda ngazi. Mwisho ni ngazi ya hamsini. Hapo umejaa. Ukiua adui baada ya hapo, pointi zinamwagika chini.

Lakini humo humo ndani kuna kisima. Aliyejaa akinywa maji yake anaruhusiwa kubadilisha kazi. Mpiga upanga anaweza kuwa mponyaji, mponyaji akawa mrusha mishale. Sharti ni moja: unarudi ngazi ya kwanza. Silaha zako zinabaki kisimani, unapewa fimbo na gunia. Kwa hiyo swali wanaloulizana wachezaji wote wa gemu ile ni hili: ninywe lini?

Basi kila Jumamosi mchana, kaka akishafunga karakana na dada akitoka zamu, walikutana humo. Kaka mpiga upanga, dada mrusha mishale. Wakivaa vile vispika vya masikioni wanaongea huku wanapigana. Na katikati ya kupigana, yale maneno yaliyokufa kwenye simu yakafufuka. Dada anasema, "Unakumbuka mama alivyokuwa anaficha sukari kwenye debe la maharage?" Kaka anacheka mpaka anapigwa na nguruwe pori. Jumamosi ikawa siku yao.

Kaka akajaa. Ngazi ya hamsini, upanga mrefu, joho jekundu. Watu wa bonde lile wakawa wanamwita Jemedari, na jina likamkaa vizuri. Siku moja wakafika chini ya mlima. Njia ya kupanda ina ukungu wa sumu, na hakuna anayepita bila mponyaji.

Dada akasema, "Kaka, mmoja wetu lazima awe mponyaji. Mimi bado sijajaa, kisima hakinipokei. Wewe umejaa. Kunywa wewe, nitakusubiri."

"Ninywe mimi?"

"Hupotezi kitu, kaka. Pointi zako si zinamwagika chini tu kila siku?"

"Mdogo wangu, ngazi hamsini unaziita si kitu? Hapa bondeni mimi ni Jemedari. Leo watu wanione na gunia, napigwa na vyura? Mwacha asili ni mtumwa."

Methali nzuri hiyo. Tatizo la methali nzuri ni kwamba hata mwoga anazijua.

Dada alisubiri. Jumamosi hii, Jumamosi ile, kaka anazunguka bondeni anaua nguruwe wale wale. Mwishowe wakapita watu wengine wenye mponyaji wao, wakamwambia dada, twende. Akamwuliza kaka yake mara ya mwisho. Kaka akasema, "Nenda tu, mimi niko vizuri." Mnaijua hiyo "niko vizuri"? Ninyi wanaume mnaijua sana.

Dada akapanda. Baada ya muda mrefu akafika kileleni, akajaa naye, akapewa upinde wa fedha ambao wachache wameushika. Na kaka akabaki Jemedari wa bonde. Watu wapya walipita, wakamwamkia, "Shikamoo Jemedari," kisha wakaendelea na safari yao mlimani. Jumamosi ikawa siku ya kuamkiwa na watu wasiokaa. Na simu ikarudi kule kule: hujambo, sijambo, mvua ipo.

Haya, niwaulize. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nani kati yetu angeshika fimbo baada ya kuzoea upanga? Msinijibu haraka.

Yule kaka, upweke ulimshinda. Jumamosi moja alikwenda kisimani akanywa. Joho likatoweka, upanga ukatoweka, akapewa gunia. Akamwandikia dada yake ujumbe: "Nimekunywa. Mimi ni mponyaji sasa." Akaondoka kisimani, na hapo hapo chura akamrukia.

Msicheke. Chura wa gemu ile ni mkubwa kama mbuzi, na mtu wa ngazi ya kwanza hamwezi. Chura alimpiga akaanguka. Kwenye gemu ukianguka unarudishwa kisimani uanze tena. Akaanza tena, akapigwa tena. Wale waliokuwa wanamwamkia wakasimama kutazama. Mmoja akasema, "Jemedari, shikamoo!" na wenzake wakaangua kicheko. Akatazama simu yake. Dada hajajibu. Jumamosi iliyofuata, kimya. Akajisemea, ameshanisahau, yuko juu na watu wa juu. Na mimi nimetupa kila nilichokuwa nacho kwa ajili ya nini?

Akaamua kuifuta gemu. Akaingia mara ya mwisho, kuaga tu. Chura huyo, akaja. Kaka akainua fimbo bila hata moyo.

Ndipo fimbo nyingine ikatua kichwani mwa chura.

Kaka akageuka. Pembeni yake amesimama mtu mwenye gunia kama lake, fimbo kama yake, ngazi ya kwanza. Akasoma jina lililoandikwa juu ya kichwa cha yule mtu. Lilikuwa jina la dada yake.

"Wewe! Unafanya nini huku?"

"Nakupiga tafu, kaka. Mpige ubavuni, mimi nampiga kichwani."

"Si ungekuja na upinde wako? Huyu ungemmaliza kwa mshale mmoja!"

"Ningemmaliza mimi, na pointi ningepata mimi. Ndivyo gemu ilivyo. Wewe ungebaki hapo hapo na fimbo yako. Nilipopata ujumbe wako nilijaribu kutafuta njia nyingine, nikauliza kila mtu kule juu. Hakuna. Mtu wa ngazi ya kwanza anagawana pointi na wa ngazi ya kwanza mwenzake tu; anakuzwa na anayepigwa naye."

Kaka akauliza taratibu, "Upinde uko wapi?"

"Nimeuacha kisimani."

"Na ngazi zako zote? Kile kilele?"

"Kule juu ni pazuri, kaka, sikufichi. Lakini Jumamosi yangu haikuwa na mtu. Haya, chura mwingine huyo anakuja."

Mfano wangu unaishia hapo. Mnataka kujua kama walifika kileleni? Bado. Wako bondeni wanapigwa na vyura, na wanacheka sana, na sukari ya mama iko tena mdomoni mwao.

Sasa turudi kwetu. Swali lilikuwa, ninywe lini? Wako wanaokunywa kila wakipigwa. Leo yuko kwaya, akikosolewa sauti anahamia kamati ya ujenzi, akiulizwa saruji anahamia uinjilisti. Ndugu, huko ni kukimbia, na ndiyo maana kisima kilimkataa asiyejaa. Wako wengine waliokwisha kujaa zamani, wanaamkiwa bondeni, neema inamwagika chini kila Jumapili, na hawathubutu kushika fimbo wasionekane wanajifunza. Nilitaka kuwasema ninyi leo, wazee wangu wa benchi la mbele. Nimewaandalia maneno makali. Lakini nilipofika kwa yule dada, maneno yaliniishia. Kaka alikunywa kwa sababu alikuwa mpweke. Dada alikunywa kwa sababu kaka yake alikuwa anapigwa.

Na hapo ndipo nilipoona tunasubiri nini katika Majilio haya. Yuko mmoja aliyekuwa juu kuliko vilele vyote. Alipotutazama tunavyopigwa, angeweza kutuma mshale mmoja kutoka huko. Adui angekufa, na sisi tungebaki vile vile, wadogo, wageni kwake. Kwa hiyo aliacha kila kitu. Akaja ngazi ya kwanza kabisa: mtoto mchanga, shingo haijakaza, amelazwa penye majani ya ng'ombe. Watoto wetu wanagombania taji. Mwenye taji lenyewe alichagua hori.

Sasa wewe baba. Kijana wako amerudi kutoka mjini, mambo yamemwendea vibaya, anashinda chumbani. Na wewe unamhubiria kutoka kwenye kochi: "Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nimeshajenga." Huo ni upinde, baba. Unapiga mbali, unapiga vizuri, na mtoto hapati kitu. Na wewe mama, mkwe wako hajui kusonga ugali wa watu wengi, unamnyang'anya mwiko mbele ya wageni unasonga mwenyewe. Ugali umeiva, umepata sifa. Yeye amebaki na nini?

Yuko mtu wako anapigwa sasa hivi, leo, wakati mimi naongea na wewe unamfahamu kwa jina. Usimtumie mshale. Mchana huu ukitoka hapa, nenda hadi alipo, kaa naye chini, umwambie, "Mpige ubavuni, mimi nampiga kichwani."

Tusimame tuombe.