Mstari Mweusi wa Mwanakheri

Wamepokea wazee wetu kutoka kwa wazee wao kwamba, katika zama za waja wema, alikuwako mwanamke mcha Mungu, msusi wa mikeka, akiitwa Mwanakheri. Mswala wa imamu, ule unaotandikwa mihrabuni, ulikuwa ukisukwa nyumbani kwao tangu enzi za nyanya yake. Ulikuwa mweupe mtupu, hauna ua wala rangi. Mwanakheri hakuwahi kupokea ujira wake. Heshima ile ilimtosha, na kila imamu aliposujudu alihisi kwamba nyumba yao imetajwa mbele ya watu.

Kisha mjane mmoja, jina lake Salaha, akahamia jirani naye; huyo alichanganya miyaa, yale majani ya kusukia, myekundu na myeusi, akasuka maua. Watu wakaipenda mikeka yake. Wanawake wakawa wanatania kisimani kwamba mkeka wa Mwanakheri hauhitaji kutiwa alama, kwani ukiutazama usione kitu, basi ni wake. Yeye akacheka pamoja nao, akarudi nyumbani na maji nusu mtungi. Siku Salaha alipoanika miyaa yake iliyotiwa rangi, Mwanakheri aliomba mvua inyeshe. Akastaghfiru. Kisha akatoka uani kutazama mawingu.

Mwaka ule mswala wa zamani ulipochakaa, ikaletwa miwili, mmoja wa Mwanakheri na mmoja wa Salaha. Mwanakheri akamwendea Maalim Muhsini, imamu wa mji, akamweleza kwa maneno ya taratibu kwamba mswala ni wa kusujudia, si wa kutazamwa, na kwamba maua humwibia mja moyo wake ndani ya swala. Kazi iliyo imara, alisema, haina haja ya pambo. Maneno yalikuwa mazuri, na mengine yalikuwa ya kweli. Ila alijua mwenyewe yalikotoka.

Maalim akasema, "Mwanangu, katika mji huu hakuna aijuaye kazi hii kukushinda. Ichukue yote miwili, uikague. Kesho baada ya adhuhuri utuambie upi ni mzima zaidi. Utakalolishuhudia ndilo tutakalolifuata."

Mwanakheri akaondoka na furaha iliyomtisha.

Asubuhi akautandika mswala wa Salaha kwenye jua, akautafutia kosa. Akaufuata mstari mwekundu kwa kidole, ukili baada ya ukili, kila utepe uliosukwa, akingoja mahali utakapopinda. Haukupinda. Akagundua jambo ambalo kwa miaka arubaini ya kusuka hakuwahi kulifikiria: chane moja tu ya miyaa ikiruka njia yake, ua zima huharibika, na msusi hana budi kufumua na kuanza upya. Maua yale hayakuwa yamewekwa juu ya kazi. Ndiyo yaliyokuwa yakiikagua kazi tangu mwanzo.

Hapo akaugeukia wake. Jicho likateleza juu ya weupe wake, lisione kitu. Akafumba macho, akaupapasa. Karibu na mahali pa paji la uso, kidole kikakwama. Chane mbili zilipandana, na moja ilikwisha kuanza kulegea. Ungetumika msimu mmoja, ukatoboka.

Hakuna ambaye angejua. Ungetoboka baadaye, watu wangelaumu nyayo na mchwa. Akakaa na mswala mapajani mpaka akasikia adhana.

Baada ya swala akasimama mlangoni kwa Maalim, na Salaha yupo. Akasema, "Wa Salaha ni mzima. Wangu una kosa, hapa. Na jana nilipousema vibaya wa mwenzangu, sikuwa nikiitetea swala. Nilikuwa nikijitetea mimi."

Salaha akapashika pale alipoonyeshwa, akapapapasa muda mrefu kabla ya kupaona. "Dada," akasema, "mimi mkono wangu hukosea kila siku. Natia rangi ili nijione ninapokosea. Ningekuwa hodari kama wewe, huenda nisingetia."

Mswala wa maua ukatandikwa mihrabuni. Yasemwe yaliyo kweli: wivu haukumtoka Mwanakheri siku ile. Ijumaa watu walipousifu, ulimchoma tena, akavumilia, akaufumua wake akausuka upya. Tangu hapo kila mkeka aliousuka ulikuwa na mstari mmoja mweusi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wakamtania kwamba hatimaye naye amependa mapambo. Alikuwa akijibu, "Nimeyapenda. Huu ndio unaonisema nikikosea."

Mwenyezi Mungu amrehemu. Alidhani uzuri ni kitu anachoongezewa mtu ili asifiwe, na kwa sababu hiyo ulimuuma ulipokuwa kwa mwingine. Alipouona ukifanya kazi, aliweza kuushuhudia kwa kinywa chake, ijapokuwa ushahidi huo ulimnyima kitu alichokipenda kuliko vyote mjini.