Tangi la Bi Kokubanza

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kusema na fisi kuvaa kanzu, bali zamani ya juzijuzi, maji ya bomba yakija yanapotaka na kukatika yanapotaka, palikuwa na mama mmoja, jina lake Siwatu. Alikuwa na watoto wanne na mume dereva wa lori. Mume alikuwa safarini. Mwacheni huko huko, hayumo katika hadithi hii.

Katika wale wanne, watatu walikula kila kilichowekwa mezani na hata kilichofichwa kabatini. Wa nne, Zawena, alikuwa hali. Ukimtia tonge mdomoni, analihifadhi shavuni. Unamwimbia, tonge liko shavuni. Unamtisha, tonge liko shavuni. Unaosha vyombo, unafagia uwanja, unaanua nguo, unarudi, tonge liko shavuni, limeshageuka uji. Siwatu alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulikuwa umemchoka.

Jirani yake alikuwa Bi Kokubanza, mkunga mstaafu. Sebuleni kwake palikuwa na tangi kubwa la kioo, na ndani yake samaki wa rangi wa ziwani, wa manjano na wa buluu. Siku moja Siwatu alikwenda kuomba kiberiti, Zawena mgongoni, bakuli la wali mkononi. Mtoto akawatazama samaki, samaki wakamtazama. Siwatu akajaribu kijiko. Mtoto akameza. Akajaribu kingine. Mtoto akameza. Bakuli likaisha. Siwatu akakaa sakafuni, akasahau kiberiti.

Tangu hapo kila mlo wa Zawena ulipelekwa kwa jirani.

Ikatokea Bi Kokubanza akaitwa na mwanawe mji wa mbali, mkewe kajifungua pacha. Akamwambia Siwatu, "Mwanangu, chukua tangi ukae nalo. Mimi ndoo siziwezi tena. Nikirudi nikiwakuta samaki wazima, tangi nitamwachia aliyewaweka hai. Nikikuta wamekufa, nitapandia maua."

"Mwingine nani, bibi, zaidi yangu?"

"Sijui. Ndiyo maana sikutaja jina."

Kisha akampa maagizo. "Chakula kiasi cha ukucha wako. Maji unapunguza kidogo, unaongeza kidogo, na hayo ya kuongeza yalale kwenye ndoo kwanza, dawa ya bomba itoke. Ukiona uchafu, usihangaike nao."

Hilo la mwisho Siwatu alilisikia kama taarabu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa asihangaike na uchafu.

Basi vijana wa mtaa wakalibeba tangi, likawekwa kwa Siwatu. Kila kukicha, kabla hajawasha jiko, Siwatu hubeba ndoo. Anapunguza kidogo, anaongeza kidogo. Bomba likikauka, anakwenda kisimani, anarudi na ndoo kichwani, anapunguza kidogo, anaongeza kidogo. Watoto wakitaka kuwatupia samaki chapati, anawafukuza na mwiko. Na Zawena alikula. Alikula hata bamia.

Sasa akaja kukaa naye wifi yake, Mwanakheri, dada wa yule mume aliye safarini. Mwanakheri alikuwa msafi. Ninaposema msafi, sisemi usafi wenu ninyi. Mwanakheri alikuwa akipiga pasi vitambaa vya kufutia sufuria.

Siku hiyo Siwatu alikuwa msibani. Aliporudi, alikuta tangi linang'aa mpaka ungeweza kujitazama humo ukifunga kilemba.

"Wifi, una bahati nimekuja," akasema Mwanakheri. "Ile sponji ya kuchujia maji ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Nimeichemsha."

"Umeichemsha?"

"Na kokoto nimezisugua kwa sabuni ya unga, nikazisuuza vizuri. Na yale maji ya rangi ya mkojo nimeyamwaga yote, nimetia mapya, yametoka bombani sasa hivi."

Siwatu alikuwa mgeni wa mambo ya samaki. Akakumbuka maneno ya Bi Kokubanza, akalitazama tangi lilivyopendeza, akaitazama miguu yake iliyovimba. Akasema, "Asante, wifi."

Kesho yake maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Kesho kutwa samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatweta. Zawena akawatazama samaki, samaki hawakumtazama. Akaliweka tonge shavuni, akafunga mdomo.

Siwatu akatoka mbio mpaka kwa Mabruki kinyozi. Mabruki naye alikuwa na tangi dukani, ila hakuna mteja aliyewahi kuona chini yake. Kwa Mabruki, kusafisha lilikuwa jambo la mwaka ujao. Alimkuta anamnyoa mtu, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Mmeosha?" akauliza Mabruki, kabla Siwatu hajapata pumzi.

"Tumeosha."

"Sponji je?"

"Imechemshwa."

"Pole, mama Zawena."

Akaingiza mkono tangini mwake mpaka kwapani, akatoa sponji nyeusi inayodondosha matope, akaikata nusu kwa mkasi wa kazi. "Kaitumbukize. Usiioshe."

"Uchafu huu, Mabruki?"

"Usiniulize unafanya nini humo, sijui. Ninachojua, niliwahi kuosha kila kitu, wakafa wote. Nikaacha kuosha, wakaishi. Tangu hapo nimeacha kabisa."

"Na kichwa changu?" akauliza mteja.

"Kichwa chako kinaweza kungoja. Samaki hawawezi."

Siwatu akarudi na nusu ya sponji kwenye sahani. Mwanakheri akasimama mlangoni. "Hiyo haiingii humu."

"Pisha, wifi."

"Ina harufu."

"Na wewe una harufu ya sabuni, na ndiyo inayowaua. Pisha."

Sponji ikaingia. Mwanakheri akaenda kukaa barazani, ameipa nyumba mgongo. Siwatu akaendelea na ndoo zake, asubuhi na jioni, anapunguza kidogo, anaongeza kidogo. Siku zikapita, maji yakatulia, yakawa na rangi ya chai nyepesi. Samaki wakashuka. Hakufa hata mmoja. Zawena akawatazama, wakamtazama, akafungua mdomo.

Mwanakheri hakusafisha tena kitu chochote chenye maji ndani. Aibu ilimshika. Kila siku alivuta kigoda akakaa mbele ya tangi, mikono mapajani, akitazama tu.

Basi ikawa samaki mmoja wa manjano, jike, akakataa chakula. Chakula kinampita puani, hashughuliki. Na chini ya taya pamevimba. Siwatu akamtazama samaki, samaki akamtazama. Shavu lile Siwatu alilijua. Alikuwa akipambana nalo mara tatu kwa siku.

"Na huyu naye," akasema. "Hata samaki."

Akachukua chujio la chai, akamnasa. Akalowesha vidole, akamshika taya kama anavyomshika Zawena, tayari kuminya alichokificha kitoke. Mwanakheri akaruka kutoka kigodani, akamkamata mkono.

"Wifi, mrudishe majini."

"Ana chakula shavuni."

"Chakula kakitoa wapi? Hajala siku nyingi, mimi niko hapa namwona. Wifi, huyu ana macho mdomoni."

"Macho gani?"

"Macho madogo madogo. Yananitazama."

Siwatu akamrudisha. Wakainama wote wawili, pua kwenye kioo. Samaki akafungua mdomo kidogo, na kweli, ndani yake yakaonekana macho, mengi, kama mbegu za mchicha. Alikuwa amewabeba wanawe.

Mwanakheri, ambaye hajawahi kuvumilia hata kikombe chenye ufa, akachukua chungu chake kizima alichokuja nacho, akakipasua kwa makusudi, akaweka nusu yake chini ya tangi. Siku mama samaki alipowatema wanawe, na wale wakubwa wa buluu wakaja wakiwa na njaa, watoto wote wakaingia chini ya chungu.

Bi Kokubanza akarudi. Akaweka mkoba chini, akainama kwenye kioo. Akawakuta wa zamani wote wazima, na wageni ambao hakuwaacha.

"Haya," akasema. "Aliyewaweka hai ni nani?"

"Mimi, bibi," akasema Siwatu. "Ndoo zote nimezibeba mimi. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Na mwanangu anakula mbele ya tangi hili tu. Likitoka hapa, naanza tena vita vya shavu. Wifi alisaidia, lakini ndiye aliyewachemshia sponji."

"Na wewe ulisema asante," akajibu Mwanakheri. "Ungekatazwa na nani kumwaga yale maji siku ile ile? Bibi, mimi nilikosa, na nakubali. Lakini hao watoto, huyu angewaminya kama jipu. Nimewaona mimi, nimewafichia mimi. Ninyi mna watu wa kuwapigia kelele nyumbani. Mimi nikifungua mlango wa chumba changu, nafungulia vitambaa vilivyopigwa pasi."

Mabruki naye alikuwa amekuja, mkasi mfukoni. "Mimi sitaki kusema mengi," akasema. "Nusu ya sponji niliyotoa, ilikuwa nusu ya uhai wa samaki wangu. Wangu wawili walikufa wiki ile. Wazee, niliwapata wakiwa wadogo kama kucha. Sikumwambia mtu. Kama isingekuwa uchafu wangu, leo mngekuwa mnapanda maua. Na tangi likija kwangu, hakuna atakayeliosha, mnanijua."

"Hilo tunalijua," akasema Siwatu.

"Tungeligawana," akasema Mwanakheri.

"Kioo, wifi?"

Bi Kokubanza akawatazama watatu wale, kisha akawatazama samaki, samaki wakamtazama. Zawena alikuwa chini ya meza, anatafuna. Ajuza akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Akataja jina moja tu. Wawili waliobaki hawakutazamana, kila mmoja akashika lake.

Jina lenyewe silitaji. Nawaachia ninyi mliosikiliza, na msinijibu wote kwa pamoja: yuko aliyebeba ndoo akasema asante, yuko aliyetoa uchafu wake akazika samaki wake wawili, na yuko aliyekaribia kuwaua wote kisha akaona macho mdomoni. Je, ungekuwa wewe ndiye Bi Kokubanza, tangi ungemwachia nani?