Mlango Mpya wa Mbonea

“Usihamishe mlango mtoto amelala.” Bibi Nambike aliwaambia hivyo vijana waliotaka kubadili zamu za maji ya mfereji bila kuwashirikisha wenye mashamba ya bondeni. Vijana wakacheka, wakauliza mlango na maji vimekutana wapi. Akawaambia watulie, maneno hayo yalizaliwa huku huku milimani Upareni, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mtu mmoja mwenye haraka, jina lake Mbonea. Akiwaza jambo asubuhi, jioni limekwisha. Mlango wa nyumba yake ulielekea upepo, na kila kipupwe majivu ya jikoni yalirushwa mpaka kwenye chakula. Siku moja akachoka. Akaita majirani kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Wakaziba mlango wa zamani kwa fito na udongo, wakatoboa mwingine ukuta wa nyuma. Kisha wakaketi kula makande pale pale walipozoea, ingawa mbele ya nyumba sasa palikuwa nyuma.

Muda wote huo binti yake mdogo, Nakiete, alikuwa amelala chumbani. Mtoto akishiba, hata radi haimwamshi. Naye Nakiete alijua njia moja tu duniani, ya kwenda kwa bibi yake kunywa uji: ukitoka mlangoni unanyooka, umefika. Hakuna aliyemfundisha, miguu ilijifunza yenyewe, na aliringa nayo kwelikweli.

Mama yake alipoingia kumwangalia, akakuta kitanda kitupu. Kikombe cha uji nacho hakipo. Mbonea akatimua mbio hadi kwa mama yake, bibi yake Nakiete.

“Mama, Nakiete yuko hapa?”

“Hayupo. Kwani ametoka?”

“Ametoka na kikombe chake. Amepotea, mama!”

Mama akaweka ungo chini. “Huyo hajapotea, mwanangu. Amekuja kwangu. Mlango wako mpya unatazama wapi?”

Mbonea akageukia kwake. Mlango mpya ulitazama ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, na siku ile lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Tangu azaliwe hakuwahi kuogopa vile. Alikimbia akipita katikati ya walaji, makande ya watu yakamwagika, asigeuke.

Akamkuta Nakiete ameketi kwenye nyasi za ukingo, kikombe mapajani, amefura kwa hasira.

“Baba,” akasema, “nani ameiondoa nyumba ya bibi?”

Mbonea akamkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha hakumbeba. Akamshika mkono, wakauzunguka ukuta taratibu. Walipofika kwenye udongo mbichi, Nakiete akaugusa, akageuka, akaiona nyumba ya bibi yake imetulia mahali pake.

“Kumbe ipo!” Akataka wazunguke tena, na tena. Na Mbonea, yule mtu wa haraka, akazunguka naye mpaka mtoto akawa ndiye anayemvuta baba.

Bibi alikuwa akiwangoja na sufuria ya uji. Akamjazia mjukuu kikombe, ndipo akamtazama mwanawe.

“Mlango ni wako, na upepo ulikutesa, sikulaumu. Ila siku nyingine mwamshe kwanza, azunguke nawe. Usihamishe mlango mtoto amelala.”